TAHADHARI: "Busta" ya fensi ya mbwa isiyo na waya ni kiboksi kitupu

Wenye mbwa wa Nakuru, Njoro na Lanet, pamoja na ndugu zetu wa Kisumu upande wa Riat na Mamboleo: kuna watu kwenye magrupu wanauza kiboksi chenye antena mbili. Eti ukikichomeka kando ya transmita ya fensi ya mbwa (mtambo unaotuma mawimbi kwa kola, nayo kola humpiga mbwa spaki akitoka nje ya duara), duara la mita 27 kutoka katikati hadi ukingoni linapanuka hadi ekari mbili. Wanaitisha nusu ya pesa kwa M-Pesa, mzigo unakuja na matatu, ukimaliza salio namba inazimwa. Msinunue.

Transmita hizi si kama Wi-Fi. Zile za kampuni ya PetSafe, kwa mfano, hutoa uga wa sumaku (nguvu ya sumaku inayoizunguka transmita) wa masafa ya chini sana, karibu kilohezi 18. Uga wa aina hiyo hufifia haraka mno: ukitaka umbali mara 2, uga lazima uwe na nguvu mara 8, na umeme wa kuusukuma mara 64 hivi. Kiboksi cha chaja ya simu kitautoa wapi? Hizo antena zake ni za Wi-Fi, gigahezi 2.4, wimbi la sentimita 12 na nusu. Wimbi la kilohezi 18 lina zaidi ya kilomita 16. Fungua skrubu za chini ujionee: antena hazijaunganishwa na kitu, kuna taa ya kijani na rezista yake, basi. Taa ndiyo unayouziwa.

Baadhi ya fensi za bei ya chini hutumia megahezi 433. Hapo antena ina maana, lakini kipimo chake ni sentimita 17 hivi. Ukiunganisha waya mrefu ovyo, mara nyingi mawimbi yanapungua.

Kuna pia "fundi" anayekuja nyumbani na kukubadilishia adapta, anaweka ya volti kubwa kama ya laptop. Regyuleta, kile kifaa cha ndani kinachodhibiti volti, inachemka, baada ya siku chache transmita imekufa. (Wale mlioletewa yenu kutoka Marekani, someni kibandiko cha adapta: kama haijaandikwa 100-240V, soketi yetu ya 240 itaichoma hata bila fundi.)

Madhara ya kuchezea mawimbi hivi hayaishii mfukoni. Kola ya fensi isiyo na waya humpiga mbwa spaki mawimbi yanapodhoofika, si yanapoongezeka. Chochote kinachovuruga mawimbi, iwe jiko la mabati, tangi la chuma, gari au friji, huacha kivuli ambamo mbwa anapigwa akiwa katikati ya boma lake. Baada ya siku mbili hataki kutoka kwenye kibanda.

Na kabla ya kutafuta umbali, pima ploti. Ya futi 50 kwa 100 ni mita 15 kwa 30. Kutoka katikati hadi kwenye kona ni mita 17 tu. Duara la mita 27 tayari limeingia kwa jirani na barabarani, kwa hivyo wewe unahitaji kulipunguza. Robo ekari ya mraba ni mita 22 na nusu hivi hadi kwenye kona, duara bado linatosha. Anayepungukiwa kweli ni mwenye ekari moja kwenda juu.

Huyo ana njia mbili. Ya kwanza ni transmita ya pili ya aina ileile, ikiwa kitabu chake kinakubali zaidi ya moja. Ziweke mita 40 mbali: unapata urefu wa mita 94, ila kiunoni, pale duara mbili zinapokatana, upana unabaki mita 36, mbwa asishtukizwe hapo. Njia ya pili ni fensi ya waya wa kufukia, na kwa shamba lenye mabati mengi ni bora zaidi. Waya lazima ufunge mzunguko, na nyaya mbili zikienda sambamba zitenganishe angalau mita moja na nusu, la sivyo zinafutana.

Muuzaji akisisitiza yake inafanya kazi, mwambie aje ajaribu kabla ya kulipwa. Shika kola kwa urefu wa shingo ya mbwa, kitaa cha majaribio kikiwa kwenye vijino viwili vya chuma vya kola, tembea pande 8 ukichomeka kijiti kila kinapowaka. Awashe kiboksi chake, urudie. Tofauti ya mita moja ni kawaida ya mawimbi yenyewe. Wengi wakisikia neno "ajaribu" wanakata simu.

Kwa waliokwisha kutuma: namba 456 ya Safaricom ni ya kurudisha pesa iliyoenda namba isiyo yake, usiitegemee sana hapa. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, picha za tangazo na risiti ya mzigo, nenda kituo cha polisi uandikishe, uchukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Nyumbani chomoa kiboksi, vua mbwa kola, pima mpaka upya kwa vijiti, ndipo umrudishie.