"Kaijaze kwenu": uzoefu wangu na fundi wa kaiti

"Kaijaze kwenu."

Maneno mawili tu, na mpaka leo yananikera kuliko pesa niliyotoa. Nilikuwa nimesimama mbele ya banda la fundi mmoja wa kaiti, yale matiara makubwa ya kujazwa upepo yanayomvuta mtu baharini juu ya ubao, huku kwetu kusini Unguja (simtaji, anayemjua anamjua), kaiti yangu imeshakunjwa ndani ya begi, nimeshalipa shilingi 80,000, na nilichomwomba ni kitu kidogo: aipige upepo mbele ya macho yangu nione kama kweli imepona. Pampu ilikuwa palepale, imelala mchangani, hatua tatu kutoka alipokaa. Hakuinua hata uso. "Ukitaka kuijaza, bwana, kaijaze kwenu."

Kama angemjibu hivyo kila mtu ningesema ndio ulimi wake, kaumbwa nao. Lakini kabla sijaondoka akaja dada mmoja wa Kizungu kuchukua ya kwake. Hiyo ikatandazwa, ikapigwa pampu mpaka ikalia kama ngoma iliyowambwa, ikapakwa povu la sabuni kila mshono, na mwenyewe akaitwa aje atazame. Mie nimebeba begi langu naangalia kama mtoto aliyezuiwa mlangoni pa harusi. Ati kwetu! Kwetu ni hapo hapo nyuma ya banda lake, ukipita mnazi ulioinama. Unaweza kumsikia akikohoa.

Ilikuwa msimu wa kusi uliopita, Mwaka Kogwa umeshapita siku kadhaa. Kaiti yenyewe ni ya mita za mraba 9, niliachiwa kwa bei ya kirafiki na mgeni aliyekuwa anarudi kwao, na ilikuwa imeanza kulegea. Unaijaza inakuwa ngumu, ukishazunguka mara mbili tatu bomba la mbele linalainika kama ndizi mbivu. Nikampelekea fundi, nikamwambia ina tundu. Mengine ndiyo hayo.

Basi nikaijaza kwetu. Ikakaa ngumu. Nikajiona mjinga kwa kumshuku mtu, nikaingia majini na roho yangu safi. Nusu saa haijafika, bomba la mbele likajikunja katikati, kaiti ikaanguka kama shuka iliyokatikiwa na kamba ya kuanikia. Wale ndugu wawili wa Kifaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliosajili ubunifu wa tiara la kujazwa upepo mwaka 1984, maana yao ilikuwa likianguka baharini lielee, uweze kulirusha tena. Langu liliishia kwenye kuelea. Bahati maji yalikuwa yanakupwa, nikatembea. Kaiti mkononi, kamba zinanizonga miguu, ubao kwapani, na kila hatua nachungulia chini nisikanyage vile vidude vya miiba myeusi.

Nikapita kando ya mashamba ya mwani. Bibi mmoja aliyekuwa ameinama anafunga mbegu kwenye kamba akanyanyua kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tiara lenu leo limeishiwa pumzi?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Afadhali," akaongeza, "leo halitukatii kamba." Sikuwa na la kujibu. Nikacheka na mie, lakini cha nje tu.

Nyumbani nikaifungua mwenyewe. Kwanza nikafunga mshipi wa kuvulia kwenye ncha ya tyubu, ule mfuko wa upepo ulio ndani ya bomba, ili wakati wa kuirudisha mshipi uivute njia ile ile. Bila hivyo utahangaika nayo mpaka magharibi. Nikaitoa, nikaijaza kidogo, nikaizamisha kipande kwa kipande ndani ya karai la dada yangu la kufulia. Nikakifikia kiraka cha fundi. Wallahi nilitaka nikikute kimebanduka, nipate cha kusema. Wapi! Kimekaa kama kimezaliwa pale. Duara, kingo zimelala, hakuna hata kiputo, nimekikwaruza kwa ukucha hakikutikisika. Tundu lilikuwa kwengine kabisa, kwenye valvu. Gundi imeachia upande mmoja, na viputo vinapanda kimoja kimoja, bila haraka, kama samaki anayepumua. Jua letu hilo. Kaiti ikilazwa mchangani saa za mchana imejaa upepo, gundi ya valvu inalainika kidogo kidogo mpaka siku inaachia.

Kwa hiyo fundi kanidhulumu? Nilimwambia ina tundu, akaziba tundu. Na kuna jambo huko juu nimeliruka kwa makusudi, bora niliseme. Kabla ya kumpelekea, mie na binamu yangu tulishaiziba kwa kiraka cha baiskeli na solushen. Sasa tyubu ya kaiti si mpira, ni plastiki laini. Gundi ya baiskeli haiishiki, inaacha uchafu tu. Yeye ndiye aliyekaa akaubandua uchafu wetu, akapasafisha kwa spiriti mpaka pakawa kama pipya. Pengine alipoiona ile kazi yetu ndipo aliponuna. Ningekuwa mie ningenuna pia.

Lakini hapana. Nuna, nitukane, niite fundi baiskeli, halafu piga pampu! Sabuni kijiko kimoja, maji kikombe, dakika mbili, viputo vingeonekana pale pale kwenye valvu na sote tungejua. Kwa yule dada alifanya, tena bila kuombwa. Au aniambie tu: ijaze usiku, bana vibanio vyote vya mirija inayopitisha upepo toka bomba hadi bomba, asubuhi bonyeza bomba moja moja, lililolegea ndilo lenye maradhi. Hilo nilikuja kuambiwa bure na kijana wa skuli ya kaiti tukiwa tunakunywa urojo. Bure! Na urojo alilipa yeye.

Valvu nimebadilisha mwenyewe. Nikaipaka tyubu poda ya mtoto isije ikanata na kujisokota, mshipi ukaivuta ndani, ikakwama mara moja tu. Inashika mpaka leo, na kiraka cha yule bwana kinashika kuliko valvu yangu.

Nilikaa kuandika "msiende kwa mtu huyu". Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena. Mkono ule huku kwetu sijauona kwa mwengine, na tyubu ikitoboka nitakuwa mwongo nikikwambia usimpelekee. Ukiwa mgeni utapigiwa pampu na utaondoka unamsifu. Ukiwa mtoto wa hapa, sijui nikwambie nini, maana kila nikifika kwenye yale maneno mawili damu inanipanda upya.

Kaiti ya binamu yangu nayo imeanza kulegea upande wa kushoto. Tumekubaliana tunampelekea yeye yeye, Jumamosi. Pampu yetu nimeshaiosha mchanga, naibeba mie begani, na hiyo kaiti itajazwa mlangoni pake, atake asitake.