Arki ya minti ya chupa ndogo: matone mangapi kwa milksheki ya chokoleti?

Kwenye maduka ya vifaa vya keki pale Darajani, Unguja, arki ya minti hukaa rafu moja na ya vanila na ya waridi. Ni kichupa cha mililita 28 hivi, na ndani yake maji ama meupe ama ya kijani. Wanaotaka kutengeneza milksheki ya chokoleti na minti nyumbani huanzia hapo, na wengi wao huishia kulalamika kwamba kinywaji kinanuka dawa ya meno.

Malalamiko hayo ni ya haki, lakini yanatokana na kipimo. Mililita moja ni kama matone 20, kwa hiyo kichupa kizima kina matone yasiyopungua 500. Gilasi mbili za milksheki zinataka matone manne hadi sita tu. Kijiko kimoja cha chai kina matone 100, nacho ndicho kipimo ambacho mkono uliozoea keki hukikimbilia. Keki inaingia motoni na sehemu kubwa ya harufu inatoka na mvuke. Milksheki haipikwi, kwa hiyo kila tone lililoingia linabaki. Tena kichupa hiki kina mdomo mpana, na ukikiinamisha kinatoa mfululizo, hakidondoshi. Nunua bomba la sindano la mililita 1 duka la dawa, bila ya sindano yenyewe. Vuta mpaka mstari wa 0.2, tia, onja, kisha ongeza kama bado. Kutoka 0.3 kwenda mbele ladha ya kakao huanza kufunikwa.

Sababu ni mentholi, kitu kinacholeta ule ubaridi wa minti. Haishushi joto la kinywaji hata kidogo. Inaziamsha neva za mdomoni zinazopokea habari za baridi. Ikiwa kidogo, milksheki inahisi baridi kuliko ilivyo. Ikizidi huleta ganzi na uchungu, na huwezi kuurekebisha kwa sukari. Dawa yake ni kuongeza maziwa, askrimu na kakao, yaani kutengeneza gilasi nyengine mbili.

Kabla ya kulipa, soma karatasi ya kichupa. Baadhi ya arki huyeyushwa kwa alkoholi, nyengine kwa propilini glaikoli, na kwa nyumba nyingi za huku hilo si jambo dogo. Usichanganye arki na mafuta halisi ya peremende, ambayo ni makali mara nyingi zaidi. Yale ya kuchua kifua yanayouzwa maduka ya dawa hayafai kunywewa kabisa. Rangi ya kijani usiilipie: ikikutana na kakao hutoka kitu kama tope la mikoko.

Na nanaa ya sokoni je? Inafaa, ila haifanyi kazi ile ile. Aina ya nanaa inayotiwa kwenye chai harufu yake kuu ni kavoni, na mentholi inayo kidogo sana, kwa hiyo utapata utamu wa jani bila ya ule ubaridi. Kosa linalojirudia ni kuisaga mbichi ndani ya blenda: majani yanakatika kuwa vijidoa vyeusi na kinywaji kinaonja nyasi. Chukua majani 20, pasha maziwa mililita 150 mpaka yatoe mvuke bila ya kuchemka, zima moto, zamisha majani, funika dakika 10, chuja, kisha tia friji mpaka yapoe kabisa. Ukiyaacha nusu saa uchungu wa majani unaanza kutoka. Maziwa haya pamoja na matone mawili tu ya arki yanashinda arki peke yake, na yanaishinda nanaa peke yake pia.

Upande wa chokoleti ndipo milksheki nyingi za nyumbani zinapoharibika, na arki ikabeba lawama. Unga wa kakao hauyeyuki kwenye maziwa baridi. Una mafuta yake, unajikunja vidonge vidogo, unaelea juu, na mwisho unakwaruza koo. Lazima unga huo upite motoni kwanza. Changanya vijiko viwili vikubwa vya kakao, viwili vya sukari na chumvi ya ncha ya kijiko vikiwa vikavu. Tia maji mililita 60 kidogo kidogo huku ukikoroga kwa uma, kisha weka kwenye moto mdogo dakika mbili. Mwanzoni uso wake ni mkavu kama vumbi lililorowa. Ukiiva unang'ara na unashika mgongo wa kijiko. Hapo epua. Ukiuonja vuguvugu utaona sukari imezidi, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu baridi hupunguza utamu mdomoni. Usiutie ukiwa na joto. Saa moja ndani ya friji inatosha.

Unga wa chokoleti ya kunywa ule wa kopo hauwezi kushika nafasi ya kakao. Soma viungo vyake: mara nyingi cha kwanza ni sukari. Ukitia mpaka rangi ikolee umeshapata sharubati.

Chokoleti ya kipande nayo ina tabia yake. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, kwa hiyo chokoleti iliyoyeyushwa ikimiminwa kwenye maziwa baridi huganda pale pale na kushikamana na visu. Kama unapenda kutafuna, chukua gramu 30 za chokoleti nyeusi, zikate kwa kisu mpaka zilingane na punje za mchele, uzitie mwishoni. Zikiwa kubwa zaidi ya hapo zinaziba mrija, na kwenye baridi zinaonja kama nta.

Askrimu iwe ya vanila, gramu 300 kwa gilasi mbili, na ipimwe kwa mizani. Kikombe hakikuambii kitu, maana askrimu ya bei nafuu nusu ya ujazo wake yaweza kuwa hewa. Dukani nyanyua makopo mawili ya lita moja: lililo zito ndilo lenye askrimu zaidi. Ukifika nyumbani lifungue. Ikiwa uso umeshuka chini ya ukingo na una chembe za barafu kama chumvi ya mawe, basi iliyeyuka na kuganda tena, pengine umeme ulikatika au ilichelewa njiani. Milksheki yake itakuwa ya majimaji hata ufanye nini. Iliyokuwa maji kabisa usiigandishe tena, itupe.

Maziwa ni mililita 120, ya mafuta kamili, na yawe yamekaa friji usiku kucha. Ya boksi yana ladha kidogo ya kupikwa, lakini kakao inaificha. Ukitaka uzito, kijiko kikubwa kimoja cha maziwa ya unga kinasaidia kuliko kupunguza maziwa. Barafu usitie: inasagika nusu, nusu inayeyuka, na baada ya dakika tatu gilasi ina tabaka la maji chini. Mwenye shaka na baridi yake agandishe maziwa kwenye trei ya barafu, atumie vipande viwili au vitatu.

Kuhusu mashine, blenda ndogo ya wati 350 ya jagi la plastiki inatosha. Kifaa chenyewe kilianzia kwenye vinywaji vya namna hii: mwaka 1922, huko Racine, Wisconsin, Stephen Poplawski aliweka kisu kinachozunguka chini ya jagi kwa ajili ya maziwa yenye kimea ya maduka ya soda. Kinachoishinda blenda ndogo ni mpangilio. Ukitangulia askrimu, visu vinachimba shimo, vinazunguka hewani, mota inalia juu na huku hakuna kinachosogea. Anza na maziwa, kisha mchuzi wa kakao, arki, na askrimu mwisho. Iache askrimu nje dakika tano kabla ya kuitia. Msimu wa kaskazi dakika tatu zinatosha. Bonyeza na kuachia mara tano au sita, kisha endesha sekunde 20. Ikikwama, zima, sukuma kwa mwiko, washa tena. Usiiache izunguke dakika nzima, kwani visu vyenyewe vinatoa joto na kinywaji kinashuka kuwa maziwa ya kakao. Ikitoa harufu ya kuungua, ipumzishe dakika tatu.

Iliyotoka sawasawa huanguka kutoka jagini kwa kishindo kidogo, na mrija ukiusimamisha katikati ya gilasi unalala polepole. Gilasi ziwe zimekaa friza robo saa. Jikoni penye joto la nyuzi 30 zinakupa dakika kadhaa za ziada.

Tatizo moja ni la nyumba za huku hasa. Jagi lililosagia thomu na pilipili asubuhi litaitoa thomu hiyo jioni ndani ya milksheki, na minti haiwezi kuifunika. Harufu haikai kwenye plastiki peke yake. Inajificha kwenye raba iliyo chini ya visu. Fungua kitako, itoe raba, iloweke kwenye maji ya moto na kijiko kikubwa cha magadi ya keki kwa nusu saa, na ukaushe kabla ya kuirudisha. Wenye uwezo waweke jagi la pili.

Kwa wanaotengeneza milksheki mara moja moja, kichupa hiki tunakipa nyota nne katika tano. Moja tumeizuia kwa ajili ya ule mdomo wake. Kwa mwenye nanaa uani kwake kinakuwa msaidizi tu, na kitamchukua mwaka kukimaliza. Kifungwe barabara na kiwekwe mbali na jiko, mbali na majani ya chai pia: chai inanyonya harufu, na baada ya wiki mbili kila kikombe cha asubuhi kitakuwa na minti.