Vijumba vya jakuzi kando ya Loch Leven: uliza habari za maji kabla ya kulipa

Kwa anayetaka kulala kwenye kijumba cha mbao chenye jakuzi huko Uskoti bila kumaliza siku nzima barabarani, eneo la ziwa Loch Leven linafaa sana. Ziwa hili, ambalo ni hifadhi ya kitaifa ya mazingira asilia, liko Kinross, na kwa gari kutoka Edinburgh unafika kwa barabara ya M90 chini ya saa moja. Treni haifiki, kituo cha Kinross kilifungwa mwaka 1970. Basi lipo, ila vijumba vingi vimejificha mashambani, kwa hiyo asiye na gari atenge nauli ya teksi.

Picha za matangazo zote zinafanana: mvuke, taa ndogondogo, taulo jeupe. Kinachotofautisha kijumba na kijumba ni namna maji yanavyopashwa moto na yanavyotunzwa.

Jakuzi la umeme halina kazi kwa mgeni, lakini ni zito kupata moto. Lita 1,000 kwa hita ya kilowati 3 hupanda takriban nyuzi 2.5 kwa saa. Maji ya bomba yakianza na nyuzi 10, kufika 38 ni kama saa 11. Hesabu hiyo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi: jakuzi limejazwa upya saa sita mchana, mgeni anaingia saa kumi jioni, anakuta nyuzi 20 tu. Basi muulize mwenye nyumba maji yanabadilishwa lini na yatakuwa na nyuzi ngapi ukifika. Ukilikuta liko tayari, usiache kifuniko wazi. Joto kubwa hupotelea juu.

La kuni huchukua saa mbili hadi nne, na hapo mchochezi ni wewe. Hakikisha kwanza maji yamelizunguka kabisa jiko lililomo ndani ya jakuzi, ndipo uwashe. Jiko likiwaka bila maji huungua na kuharibika. Anza na vijiti vyembamba, kisha ongeza magogo madogo kila dakika 15 au 20. Kuni ziwe kavu, unyevu chini ya asilimia 20. Zikitoa sauti ya kuchemka na moshi mzito, ni mbichi. Omba nyingine, maana utakaa kwenye moshi usiku kucha na maji yasipate moto. Koroga kwa kasia kila nusu saa: maji ya moto hukaa juu, ya chini yanabaki baridi, na kipimajoto kinachoelea kinakudanganya. Acha kuongeza kuni yakifika 36 au 37, kwani makaa yatapandisha nyuzi nyingine mbili. Yakivuka 40, usiingie. Ongeza ya baridi.

Kwa usiku mmoja, chukua la umeme. La kuni linalipa ukikaa siku mbili au zaidi.

Usafi hauna mjadala. Bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kati ya nyuzi 20 na 45, na mtu huwavuta pamoja na matone ya mvuke. Klorini inatakiwa iwe miligramu 3 hadi 5 kwa lita, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 7.0 na 7.6. Mwenyeji makini ana daftari la vipimo na atakuonyesha. Harufu kali ya klorini si dalili ya usafi. Mara nyingi maana yake klorini imekwisha nguvu kwa kupambana na jasho na mafuta ya ngozi. Oga kabla ya kuingia, na suuza nguo ya kuogelea kwa maji matupu, kwani mabaki ya sabuni ndiyo yanayoleta povu.

Angalia pia namba ya leseni. Uskoti inadai leseni kwa nyumba za kupangisha kwa muda mfupi, na tangazo linapaswa kuionyesha.

Wakati wenyewe ni mwishoni mwa Septemba hadi Novemba. Maelfu ya bata bukini wenye miguu ya waridi hufika kutoka Iceland na Greenland, hushinda mashambani na kurudi ziwani jioni kulala. Ingia majini nusu saa kabla jua halijazama, zima taa na muziki, uwasikie wakipita juu kwa makundi. Hakuna starehe nyingine ya eneo hili inayofikia hiyo. Mchana kuna njia tambarare ya kilomita 21 kulizunguka ziwa, nzuri kwa baiskeli, na vibanda vya kutazamia ndege vya RSPB, shirika la Uingereza la kulinda ndege, upande wa kusini, vinavyofikiwa kwa njia ya chini ya barabara.

Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na jioni isiyo na upepo huleta visubi, ingawa si wengi kama pwani ya magharibi. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Beba kandambili zenye mshiko, kwa sababu mbao za baraza huganda barafu hasa pale maji ya jakuzi yanapomwagikia.