Chujio la pampu ya kuoshea paa: lipi linahimili klorini?

Anayeosha paa za vigae huku pwani anajua kwamba ule weusi wa mwani hautoki kwa maji matupu. Unataka klorini ya maji. Na klorini ya madumu ya lita 20, ile ya mabwawa ya kuogelea, huwa na nguvu karibu mara tatu ya dawa ya kung'arishia nguo. Hata ukiizimua, bado inakula.

Chujio langu la kwanza lilikuwa na ganda zuri la plastiki, nikalisifia. Wiki chache baadaye nililifungua: wavu una kutu na tundu la kupitisha kidole cha mwisho, oringi (ule mpira wa duara unaozuia kuvuja) imepasuka kama kisigino kisichopakwa mafuta. Ganda lenyewe halina hata mkwaruzo. Tangu siku hiyo ganda nalitazama mwisho.

Ninaloliweka namba moja ni chujio la plastiki ya polipropilini, na wavu uwe wa polipropilini pia, oringi ya mpira wa aina ya EPDM au Viton. Maduka ya pembejeo huyauza kwa ajili ya pampu za kunyunyizia dawa shambani. Tafuta herufi PP au namba 5 ndani ya pembetatu. Kama hakuna alama, kwangua kipande kidogo ukitie kwenye glasi ya maji: polipropilini tupu huelea, nailoni huzama. (Iliyochanganywa na nyuzi za kioo nayo huzama, kwa hiyo usimgombeze muuzaji mapema.) Nailoni iache, klorini huichakaza. Oringi nyeusi ya kawaida, ya nitraili, itoe siku hiyohiyo uweke nyingine.

La pili ni la kutengeneza mwenyewe, na kwa mwenye bajeti ndogo silioni aibu. Chukua bomba la PVC la inchi moja, urefu wa shubiri, uzibe ncha moja kwa kifuniko. Toboa matundu pande zote, kisha zungushia wavu wa plastiki mara mbili na kuufunga kwa vibano vya plastiki, si waya. Lizamishe ndani ya dumu, mwisho wa mpira wa kunyonyea. Viungo viwe vya kukaza kwa nyuzi za skrubu na utepe wa tefloni, maana gundi nyingi za PVC huachia zikikaa kwenye klorini.

La tatu ni lenye wavu wa chuma cha pua. Linafaa kwa kazi ya mara mojamoja, ukilisuuza kila jioni. Kloridi, yaani chumvi iliyomo kwenye klorini ya maji, hukitoboa hata chuma cha pua cha namba 316, kwa hiyo nunua na wavu wa akiba.

La brasi usinunue. Hata bure.

Kuhusu ukubwa wa matundu, meshi 50 (matundu 50 kwa kila inchi ya wavu) inatosha, yaani kila tundu kama milimita 0.3. Ukienda meshi 100 utashinda unazibua badala ya kuosha. Chujio likae kabla ya pampu, upande wa kunyonya.

Jioni pitisha maji safi mpaka harufu iishe, halafu acha valvu wazi. Klorini iliyofungiwa hutoa gesi taratibu, na ganda linaweza kupasuka likiwa limelala stoo. Wala usilisafishe kwa asidi ya chooni kabla ya kulisuuza: ikikutana na mabaki ya klorini hutoka gesi ya sumu.

Paa la mabati lisahau kabisa. Hapo klorini itakula paa kabla ya chujio.