Fundi aliyenizimia kumbukumbu pepe msimu wa ritani

Nyota moja, na hiyo moja ni ya SSD, ile diski ya kasi waliyoniwekea, si ya fundi.

Nina saiba ndogo Kondele. Laptopu ya kazi ilikuwa inajikokota, nikaipeleka duka moja la kompyuta huko mjini Kisumu, wakatoa diski ile ya kuzunguka wakaweka SSD ya GB 128. Kwa hilo sina neno. Siku hizi inawaka kabla sijavuta kiti, na bei ilikuwa ya haki. Wangekomea hapo ningewasifu mpaka Ahero.

Hawakukomea hapo. Fundi aliingia kwenye mipangilio akazima kumbukumbu pepe, yaani lile faili la pagefile.sys ambalo Windows huliweka kwenye diski ili ihamishie humo vitu RAM, ile kumbukumbu ya kazi, ikibanwa. Hakuniuliza, hakuniambia. Na laptopu yenyewe ina RAM ya GB 4!

Nilikuja kujua mwishoni mwa Juni. Mwenye saiba anajua Juni ikiisha huwa vipi: mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ni tarehe 30, na watu huanza kukumbuka tarehe 28. Foleni imefika mlangoni. Nimefungua fomu ya Excel ya mzee mmoja mwenye nyumba za kupangisha, kwenye Chrome kuna iTax, tovuti ya kodi ya KRA, kuna barua pepe ya dada anayetafuta P9 yake, fomu ya mwajiri ya kodi iliyokatwa kwenye mshahara. Kurasa za Chrome zikaanza kuanguka moja moja. Windows ikaleta onyo kwamba kumbukumbu imekwisha, nifunge programu. Sijaamua nifunge ipi, Excel ikajifunga yenyewe, na hesabu zote za mzee ndani.

Kilichonitia wazimu ni kwamba Task Manager, dirisha la Windows la kuona matumizi ya kompyuta, ilionyesha RAM bado ina nafasi. Inawezekanaje? Ni kwamba programu huweka nafasi mapema, hata kabla ya kuitumia, na Windows haitoi ahadi kupita jumla ya RAM na hilo faili la diski. Ukilizima faili, ahadi zote zinabanwa ndani ya GB 4. Ni kama matatu ya watu 14 ambayo viti vyote vimelipiwa: kimoja kiko wazi, mwenyewe yuko nje ananunua njugu, lakini wewe hukalii.

Nikarudi dukani, bado nina adabu. Kijana hata hakuinua macho kutoka kwa simu. "Madam, hiyo kitu inaua SSD. Mimi nimekusaidia. Kazi ya kompyuta tuachie, wewe endelea na fotokopi zako." Waliokuwa kwenye kaunta wakacheka.

Fotokopi zangu! Hizo fotokopi ndizo zilizomlipa. Na hiyo habari ya kuua SSD, Microsoft wenyewe waliijibu mwaka 2009, enzi za Windows 7: faili hilo likae kwenye SSD bila wasiwasi, kwa sababu husomwa zaidi kuliko kuandikwa, karibu mara 40 kwa 1. SSD huchakaa kwa kuandikwa. Fundi wa kompyuta hajui hilo, au anajua na hajali?

Nilirekebisha mwenyewe. Andika sysdm.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, nenda kwenye mipangilio ya utendaji, sehemu ya kumbukumbu pepe, weka tiki kwenye kisanduku cha juu kabisa kinachoiachia Windows ipange ukubwa yenyewe, kisha zima na uwashe upya. Sikuhangaika na hesabu ile ya kizamani ya kulipa faili ukubwa wa mara moja na nusu ya RAM. Tangu hapo Excel haijaanguka. Ikilemewa inapunguza mwendo kidogo, basi, na kwa GB 4 sina haki ya kudai zaidi.

Kwa hiyo niwaambie msiende? Nilitaka kusema hivyo. Lakini haki ni haki: SSD waliyoweka ni ya kweli, skrubu zote zilirudi mahali pake, na mjini hapa nimeshaona mafundi wanaorudisha laptopu na RAM ikiwa imepungua. Huyu mikono anayo. Mdomo ndio shida. Mdomo na vidole vyake kwenye mipangilio ya watu.

Nikikumbuka kile kicheko cha kaunta, hata ile nyota moja naona nimezidisha. Basi, nusu. Ila laptopu ya pili kioo kimepasuka, na kwa vioo sijaona anayemshinda mjini. Bado sijaamua.