Usukani unakuvuta ukikanyaga mafuta? Anza na tairi, difu ya LSD baadae

Natembelea Golf GTI ya kizazi cha tano, ile ya lita 2.0 turbo, nguvu farasi 200 na Nm 280, na zote zinapelekwa kwenye magurudumu mawili ya mbele ambayo hayohayo ndo yanakata kona. Ukitoka taa za Mwenge umekanyaga mafuta yote, usukani unajipinda mkononi kama kuna mtu anakunyang'anya, na huku kwetu tunapita kushoto kwa hiyo ukivutwa kulia unaenda kuonana uso kwa uso na daladala. Wenyewe wanaita toki stia. Gia boksi imekaa upande mmoja wa injini, basi shafti moja inakuwa fupi nyingine ndefu, zinalala kwa pembe tofauti, na kila upande unauvuta usukani kivyake. Kuimaliza kabisa sahau, kuipunguza inawezekana, ila watu wengi hela wanaanzia kwenye vitu vya kuonekana. Hata mimi. Huu hapa mpangilio wangu wa wapi hela ianze.

Namba moja ni tairi, na hapa sibishani na mtu. Zile mbili za mbele ziwe kampuni moja, muundo mmoja na zimeisha sawa, kulia mpya kushoto kipara hapo umejitengenezea ugonjwa mwenyewe. Ukiwa dukani soma ubavuni: tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ni wiki na mwaka, 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019, hata kama inang'aa hiyo ni nzee. Kuna pia namba ya treadwear, ikiwa ndogo kwa kawaida mpira ni laini, unashika vizuri ila unaisha haraka, halafu herufi ya traction (AA ndo ya juu, C ya chini) inakuambia inavyosimama kwenye lami yenye maji. Hela ikiruhusu chukua Michelin Pilot Sport 4 au kitu cha daraja hilo. Za mtumba kwenye gari ya turbo mi siwezi. Na kabla hujanunua chochote jaza upepo sawa kisha hamisha za mbele, ya kulia iende kushoto (kama sio zile zenye mshale wa kuzunguka upande mmoja), mvuto ukihama na tairi basi mchawi ni tairi.

Namba mbili bushi, boljointi na mauntini za injini. Haina mvuto wowote kwa macho ndo maana watu wanairuka. Bushi (mpira) ya lowa amu, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, ikichoka, ukikanyaga mafuta gurudumu linasogea mbele lenyewe na alaimenti (mpangilio wa magurudumu) inabadilika hapohapo unavyotembea, sasa hapo utalaumu usukani mpaka lini? Kwa Golf ya tano watu kwenye lowa amu za mbele wanaweka bushi za nyuma za Audi TT ambazo mpira wake umejaa, hauna mapengo kama zile za kwake. Za poliyurethani zinakaza zaidi ila mashimo yote ya mtaa utayasikia kwenye meno. Ukimaliza, alaimenti ni lazima, na ya kompyuta, sio ya kamba.

Tatu ndo LSD, yaani difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure. Difu ndo inagawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, na kwenye ile ya kawaida gurudumu la ndani ya kona likikosa uzito linazunguka bure na nguvu yote inaishia hapo, LSD inaipeleka nyingine kwa lile lililoshika. Kwa gari ya mtaani chukua ya gia kama za kampuni ya Quaife, ya sahani waachie wa mashindano. Andaa zaidi ya dola 1,000 ukijumlisha usafiri na fundi wa kufungua gia boksi. Ila uelewe unanunua mshiko, mvuto unaweza hata kuongezeka kwenye barabara yenye mabonde. Ford Focus RS ya 2002 ilitoka kiwandani na Quaife na bado ilisifika kwa kuvuta usukani, ya 2009 ndo wakabadilisha mpaka nakoli za mbele, vile vyuma vinavyobeba gurudumu na kugeuka nalo. Honda nao Civic Type R ya 2017 walitenganisha kipande kinachogeuka na shokapu.

Nne, stabilaiza nene ya nyuma, kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona. Bei ya kawaida, gari inageuka vizuri, ila mvua ikinyesha mkia unaweza kukutangulia, usikaze sana.

Mwisho kabisa, yaani hata bure nakataa: spesa (vipande vya kusogeza rimu nje), rimu pana zinazotokeza nje, na springi za kushusha gari kupita kiasi. Nilianza na springi mimi, fundi akaniapia gari itatulia, shafti zikalala vibaya zaidi na mvuto ukazidi, nikalipa tena kuzitoa.

Wa Vitz na IST nyie mnaishia namba mbili, hizo injini haziwezi kuwasumbua hivyo, na kama bado inavuta hata ukiwa umeachia mafuta kamuone fundi wa breki kwanza.