Duka la unga wa "kuinyima kansa sukari": nyota mbili tu

Mnaoulizia lile duka la mitishamba la ghorofani huku Kikuubo, mtaa wa maduka Kampala, mi nimefika na nimenunua, mama mdogo anatibiwa kansa hospitali ya Mulago ndo akanituma. Huduma sina neno, dada wa kaunta ana heshima zake, unalipa kwa mobaili mani na risiti unapewa. Bei ndo balaa, laki moja na nusu kwa kopo la unga mchungu na katoni ya maji ya alkali.

Sasa maelezo yao. Eti kansa inakula sukari, ikatie sukari itakufa. Hapo nusu ni kweli, Otto Warburg yule Mjerumani wa Nobeli ya 1931 aliliona hilo tangu miaka ya 1920, seli za kansa zinafakamia glukosi na kumwaga asidi ya laktiki hata oksijeni ikiwepo. Ila nusu ya pili hawakwambii: seli T, yaani askari wa kinga wanaotakiwa kuiua hiyo kansa, zikishaamka kupigana zinataka glukosi hiyohiyo, na kwenye uvimbe kansa ndo inawahi sahani. Seli T zikikosa zinalegea, asidi nayo inazidi kuzichosha, halafu zile seli T za kutuliza kinga zenyewe laktiki zinaila tu na kuendelea kuikingia kansa kifua. Haya, ukimshindisha mgonjwa njaa umemkomoa nani? Na sukari ya damu haiishi hivyo, ini linaitengeneza lenyewe.

Maji ndo kabisa, eti yanaondoa asidi mwilini, wakati pH ya damu, yaani kipimo cha asidi na alkali, inabaki 7.35 mpaka 7.45, mapafu na figo zinahakikisha, unywe alkali usinywe.

Wenye maabara zao wenyewe hili jambo la kuingilia ugomvi wa chakula kati ya kansa na seli T limewashinda mara nyingi, mfano dawa ya epacadostat ilitengenezwa kuzuia kimeng'enya IDO ambacho kinamaliza triptofani, kirutubisho cha protini kinachohitajiwa na seli T, wakaichanganya na pembrolizumab, dawa ya kuamsha kinga, kwa wagonjwa wa melanoma, kansa ya ngozi, 2018 jaribio kubwa likafeli. Sembuse kopo la Kikuubo!

Kilichonikera zaidi kopo halina viungo vilivyoandikwa, nikauliza nikajibiwa ni siri ya mzee mwenye duka, sasa mtu yuko kwenye kemo na kilo zinashuka nimpe siri ya mzee? Nimeomba hela irudi, wamekataa, wakanipa ofa ya kopo la pili nusu bei.